Kununua au Kukodi Mashine za Kazi za Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kupiga Hesabu Kabla ya Kutoa Pesa

Nyumba nyingi za watu wa kipato cha kawaida hapa Dar es Salaam hazijengwi kwa mkupuo mmoja. Mwaka huu unamwaga msingi, mwakani unapandisha kuta hadi kwenye lenta, kisha unakaa miaka miwili ukitafuta pesa ya bati, na hata ukishahamia bado dari, vigae, grili na fensi vinakungoja. Ujenzi wa namna hii una tabia inayowachanganya wengi wanapofikiria mashine: haja ya mashine huja leo, hupotea miezi minane, halafu hurudi bila kubisha hodi. Anayeingia dukani Kariakoo siku ile ya haja huamini kwamba drili anayoishika mkononi ataitumia kila wiki, na anayeamua kukodi siku hiyohiyo huamini kwamba hataihitaji tena. Wote wawili wanaamua kwa kutazama siku moja tu, ilhali uamuzi wenyewe ni wa miaka mitatu au minne.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, si wa fundi. Fundi anayeishi kwa grenda yake hana swali la kujiuliza. Swali ni la mtu ambaye ana kazi yake nyingine, ana nyumba inayojengwa au inayotengenezwa kidogokidogo, na anataka kujua pesa yake iende wapi. Nitaonyesha pia kwamba njia ziko tatu, na ile ya tatu ndiyo inayosahaulika kwenye hesabu ingawa ndiyo tunayoitumia zaidi.

Hatua ya kwanza: andika kazi, usiandike mashine

Chukua daftari uzunguke nyumba chumba kwa chumba, ukiandika kila kazi unayotarajia kuifanya katika miaka mitatu ijayo. Usiandike "drili". Andika "kufunga fimbo za mapazia, madirisha matano, matundu manne kila dirisha". Usiandike "grenda". Andika "kukata vigae vya pembeni vya choo, kama thelathini" au "kukata nondo za fensi". Kando ya kila kazi weka mambo matatu: ni kitu gani kinachotobolewa au kukatwa, ni vingapi, na unakusudia kuifanya lini.

Jambo la kwanza kati ya hayo ndilo linaloamua mashine, na mfano mzuri ni hizo fimbo za mapazia. Mtu hujaribu drili yake kwenye tofali la saruji, tundu linaingia vizuri, akaridhika. Lakini fimbo ya pazia haikai kwenye tofali. Inakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo ilipo lenta, yaani zege lenye kokoto na nondo. Drili ya kawaida yenye kitufe cha nyundo ikifika hapo hupiga kelele, biti huwa nyekundu, na baada ya dakika tano umepata tundu la kuingia ncha ya kalamu. Nyundo ya drili hiyo hutokana na visahani viwili vya chuma vyenye meno yanayorukiana ndani, kwa hiyo mapigo ni mengi lakini mepesi, na nguvu nyingi inabidi itoke begani kwako. Mashine inayofaa lenta ni ile inayopokea biti za SDS, ambayo ndani yake ina pistoni inayosukuma hewa na kupiga biti kwa uzito wake yenyewe. Hiyo hutoboa tundu la milimita 8 kwenye lenta kwa muda mfupi huku wewe umeishika tu. Kwa hiyo aliyeandika "drili" kwenye orodha yake angenunua mashine isiyo yake, na aliyeandika "matundu ishirini kwenye lenta" angeijua tangu mwanzo.

Hatua ya pili: hesabu siku za mashine

Sasa geuza orodha iwe siku. Ninaposema siku ya mashine nina maana ya siku ambayo ungelazimika kuwa nayo mkononi, hata kama inazunguka kwa dakika arobaini tu, kwa sababu anayekodisha anakutoza siku, hakutozi mizunguko. Matundu ishirini ya mapazia ni kazi ya saa moja ya drili, lakini ukijumlisha kupima, kuweka alama, kupanda na kushuka ngazi na kugundua kwamba fimbo moja imepinda, ni siku nzima. Iandike siku moja.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: kusanya. Rafu za jikoni, kioo cha bafuni, fimbo za mapazia na vishikio vya televisheni vyote vinataka mashine ileile. Ukivifanya kila kimoja kwa wakati wake ni siku nne. Ukinunua vifaa vyote kwanza, ukaweka alama zote kwa penseli Ijumaa jioni, vinaweza kumalizika Jumamosi moja. Mkusanyo huu peke yake hubadilisha jibu la watu wengi kutoka kununua kwenda kukodi. Lakini jipime kwa ukweli. Ikiwa pesa yako huingia kwa mafungu, ukinunua rafu mwezi huu na mapazia baada ya sikukuu, basi usijidanganye kwa hesabu ya Jumamosi moja. Kwako ni siku nne, na hiyo inakusogeza upande wa kununua.

Hatua ya tatu: tafuta idadi ya siku ambapo kununua na kukodi vinalingana

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua bei ya kununua, ongeza matengenezo unayoyatarajia, toa bei ambayo ungeiuza ukimaliza. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kumiliki. Igawe kwa gharama halisi ya kukodi kwa siku, ambayo ni kodi pamoja na nauli ya kuifuata na kuirudisha. Jibu ni idadi ya siku. Ukihitaji mashine kwa siku zaidi ya hizo, kununua kuna nafuu. Ukihitaji kwa siku chache zaidi, kodi.

Namba ninazozitumia hapa ni za mfano tu, weka za kwako baada ya kuuliza maduka mawili au matatu. Tuseme drili ya SDS inauzwa shilingi 180,000, ndani ya miaka minne itahitaji matengenezo ya 15,000, na ukiitunza utaiuza 70,000. Gharama ya kuimiliki ni 180,000 kuongeza 15,000 kutoa 70,000, yaani 125,000. Kukodi ni 15,000 kwa siku, na bodaboda kwenda na kurudi ni 6,000, jumla 21,000. Ukigawa 125,000 kwa 21,000 unapata takriban 6. Kwa hiyo mwenye siku tatu akodi, mwenye siku kumi anunue, na mwenye siku sita afanye apendalo.

Angalia kosa moja linaloharibu hesabu hii mara kwa mara. Watu huongeza bei ya biti, diski na ekstensheni upande wa kununua, halafu kukodi kukaonekana rahisi mno. Lakini wengi wanaokodisha hutoa mashine tupu, na biti na diski ni za anayekodi kujinunulia. Kitu unachokinunua kwa vyovyote vile hakina nafasi kwenye mlinganisho; kitoe pande zote mbili. Ukiongeza pia amana kwenye gharama ya kukodi unakosea, maana amana inarudi, ingawa ni kweli kwamba lazima uwe nayo mfukoni siku hiyo, na kwa mtu anayelipa vibarua jioni hilo si jambo dogo.

Sasa chukua mashine ya kuchanganyia zege. Tuseme inauzwa 3,000,000, matengenezo 200,000, utaiuza 1,500,000. Gharama ya kuimiliki ni 1,700,000. Kukodi ni 100,000 kwa siku na kirikuu cha kuivuta kwenda na kurudi ni 60,000, jumla 160,000. Zinalingana kwenye siku ya 10 na kitu. Nyumba ya kawaida ya chini huitumia mashine hiyo siku ya zege la msingi, siku ya jamvi (yaani zege la sakafu), siku ya lenta, labda na siku ya nguzo za baraza. Ni siku nne, tena zimetawanyika miaka miwili, na katikati yake mashine ingekaa nje kwenye kiwanja kisicho na ukuta, ikihitaji mlinzi wake. Hapa sioni mjadala. Ndivyo ilivyo pia kwa vaibreta ya kushindilia zege, kompakta ya kushindilia udongo, nyundo kubwa ya kuvunjia zege na majukwaa ya chuma: vyote ni vizito, ni ghali, vinahitajika siku chache, na vinataka mahali pa kulala.

Kwa mashine ndogo, yaani drili na grenda ya inchi nne na nusu, mara nyingi hesabu huangukia upande wa kununua kwa mtu ambaye bado anajenga. Jigso, randa ya umeme na mashine ya msasa ziko katikati, na hapo tabia yako inasema zaidi ya namba. Anayependa kushika mbao Jumapili mchana atazitumia. Anayetaka kabati moja tu limalizike, ampelekee seremala.

Hatua ya nne: weka fundi kwenye hesabu

Hiyo ndiyo njia ya tatu. Kwetu fundi mara nyingi huja na mashine yake, na ufundi wake umo ndani ya bei hiyohiyo. Kabla ya kulinganisha kununua na kukodi, uliza kwanza: fundi akifanya kazi yote kwa mashine yake atataka kiasi gani? Ikiwa fundi umeme atatoboa matundu yako ishirini kwa 30,000, kukodi kwa 21,000 na kupoteza Jumamosi yako kunaokoa 9,000 tu, na huenda ukatoboa bomba la maji lililofichwa ukutani.

Kuchomelea ndiko mfano ulio wazi zaidi. Mashine ndogo za inveta zimekuwa nyepesi na bei yake imeshuka kiasi kwamba mtu hushawishika kununua ili ajitengenezee geti. Lakini mashine si geti. Kuna mkono wa kujifunza kwa vyuma vingi vilivyoharibika, kuna kofia ya kioo cheusi, kuna fito za kuchomelea ambazo zikipata unyevu wa pwani hazishiki vizuri. Kwa grili na geti, mpe fundi. Nunua mashine ya kuchomelea tu ikiwa unataka kujifunza kazi yenyewe.

Unapopatana na fundi, bainisha mapema nani ananunua vitu vinavyokwisha. Sentensi "mashine ninayo, lakini diski ni zako, bosi" huja asubuhi ya kazi, wakati huna tena nafasi ya kubishana. Si kosa, ni desturi ya wengi, ila iwe imesemwa siku ya kupatana. Muulize pia swali moja: mashine ni yako au unaikodi? Fundi anayekodi huweka kodi hiyo ndani ya bei yako, na kazi ikichelewa kwa sababu ya mvua atakuja kukuongezea. Wakati mwingine ni nafuu kukodi wewe mwenyewe na kumlipa yeye ufundi peke yake.

Hatua ya tano: hakikisha umeme unaitosha mashine

Hatua hii inahusu anayenunua na anayekodi kwa pamoja. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na plagi zetu za pini tatu bapa ni za ampea 13, ambayo ni kama wati 3,000 kwa soketi moja. Drili ya wati 800 na grenda ndogo hazina shida. Grenda kubwa ya inchi tisa yenye wati 2,000 na zaidi inahitaji soketi yake peke yake, na ekstensheni yake isiwe ile nyembamba ya kuchajia simu. Tafuta yenye waya wa milimita za mraba 2.5, na uikunjue yote kabla ya kuanza, kwa sababu waya uliojikunja kwenye pipa lake hupata joto hadi ukayeyuka. Hofu ya kumaliza yuniti za LUKU weka kando: drili ya wati 800 ikizunguka saa nzima bila kupumzika inakula yuniti 0.8.

Ikiwa kiwanja hakijafungiwa umeme, ongeza jenereta kwenye gharama zote, na uikadirie kwa ukarimu, maana mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa. Hapa ndipo mashine za betri zinapopata hoja. Ukiona moja imeandikwa volti 18 na nyingine volti 20, usilipie hizo mbili za ziada: betri zote zina seli tano kwa safu, na 20 ni kipimo cha betri iliyotoka kuchajiwa bila mzigo, wakati 18 ni kipimo cha kazi. Kinachotofautisha ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kutunza. Jua pia kwamba kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine, kwa hiyo betri ya kwanza unayonunua inakuchagulia mashine zote zitakazofuata, na betri hizo huzeeka hata zikikaa kabatini, haraka zaidi kwenye joto.

Hatua ya sita: ukiamua kununua

Swali la kwanza ni mpya au iliyotumika. Mashine zilizotumika kutoka Ulaya na Japani huja zikiwa imara kuliko nyingi mpya za bei ileile, lakini soma kibati cha maelezo kabla hujatoa hata shilingi. Japani inatumia volti 100. Uingereza inatumia 230 majumbani, lakini mashine za maeneo ya ujenzi huko hutumia volti 110 kupitia transfoma, na plagi yake ni ya rangi ya njano, mviringo. Mimi niliuziwa msumeno wa duara wa aina hiyo. Plagi ya njano ilikuwa imeshakatwa na kubadilishwa kuwa ya pini tatu bapa, safi kabisa, na muuzaji alikuwa na sababu nzuri ya kutoujaribu: umeme ulikuwa umekatika. Nyumbani ulinguruma kama pikipiki kwa sekunde tatu, kisha harufu ya varnishi iliyoungua ikajaa sebule. Kibati kilikuwa kimeandikwa 110 V muda wote, ubavuni, chini ya vumbi. Tangu hapo natembea na kitambaa, na siku umeme haupo dukani ninarudi kesho.

Kwa mashine mpya, chagua daraja linalolingana na siku zako. Bosch, kwa mfano, huuza za kijani kwa matumizi ya nyumbani na za buluu kwa mafundi, na bei zake hutofautiana sana. Mwenye siku kumi kwa mwaka hana haja ya ile ya kufanya kazi siku mia tatu. Kuna pia za Ingco na Total ambazo zimejaa madukani na ambazo, kwa kazi za mwenye nyumba, nimeziona zikidumu. Ninachokiogopa zaidi ni jina kubwa kwa bei ya jina dogo. Herufi moja ikiwa imebadilika, uzito ukiwa mwepesi kuliko unavyotarajia, waya ukiwa mgumu kama plastiki ya ndoo badala ya kuwa laini kama mpira, iache. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, kwa kuwa bila hiyo waranti ni maneno tu.

Kabla ya kulipa uliza kama wana brashi za kaboni za mashine hiyo. Ni vipande viwili vidogo vyeusi vinavyosuguana na mota, huisha kama sabuni, na ni vya bei ndogo. Mashine nyingi zinazotupwa zikisemekana zimekufa zimeisha kaboni tu. Muuzaji akikuletea pakiti yake papo hapo, hiyo ni mashine ya kununua, na ununue na pakiti hiyo.

Chombo kikishaingia nyumbani, adui zake ni chumvi ya pwani na majirani. Dhidi ya chumvi, kipake mafuta mepesi, kikae ndani ya sanduku lake. Dhidi ya majirani sina dawa ya uhakika. Ukinunua drili mtaani kwako, ndani ya mwezi ni drili ya mtaa, na huwezi kumnyima mtu aliyekuazima ngazi yake wakati wa mvua. Mimi huazimisha mashine pamoja na mimi mwenyewe: nakwenda nayo, natoboa tundu analotaka, ninakunywa chai, narudi nayo. Ikiwa huwezi kufanya hivyo, ongeza matengenezo kwenye hesabu ya hatua ya tatu.

Hatua ya saba: ukiamua kukodi

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote, kwa sababu mashine mbovu ya kununua inakuharibia mashine, lakini mashine mbovu ya kukodi inakuharibia siku. Siku ya jamvi langu vibarua tisa walikuwa wamefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchanga na kokoto vimemwagwa, mapipa yamejaa maji. Mashine ya kuchanganyia zege ililetwa saa tatu. Ilizunguka karibu saa moja, ikazima, na haikuwaka tena. Mwenye nayo alivuta kamba mpaka fulana ikalowa, akaondoka kwenda kutafuta plagi ya cheche, akazima simu. Tulimaliza kwa machepe saa mbili usiku kwa taa ya gari, nikalipa vibarua mara moja na nusu, na ule mstari ambapo zege la asubuhi lilikutana na zege la jioni umekuwa ufa chini ya vigae vya ukumbi. Kodi niliyoikwepa kwa kuchagua mashine ya bei ya chini ilikuwa 20,000.

Kwa hiyo nenda uikague siku moja kabla. Kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ni ya moto, imewashwa kabla hujafika ili iwake kirahisi mbele yako. Ngoja ipoe, au rudi baadaye. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi. Vuta kipimo cha oili, iwe imefika alama na isiwe nyeusi kama lami. Zungusha pipa na utazame meno yanayoliendesha, kama yamelika au mengine hayapo. Mwambie mwenye nayo kwamba mafuta na mwendeshaji vitajwe kwenye makubaliano, nani analeta na nani analipa.

Kwa grenda ya kukodi, tazama kwanza kikinga diski. Mara nyingi hakipo, na kimeondolewa makusudi ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo. Usiikubali. Grenda ya inchi nne na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati diski ya inchi tisa imetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi 6,600 hivi. Ikizidishiwa mwendo hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi kuelekea usoni kwa aliyeishika. Diski zenyewe nunua mpya, na usome pete ya chuma iliyo katikati, kwa sababu diski za kukatia chuma na saruji zina tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu zitengenezwe. Miwani na barakoa nzuri visikodiwe, viwe vyako: vumbi la kukata zege na vigae lina silika, na madhara yake kwenye mapafu hayaondoki.

Washa mashine ya umeme kwa dakika mbili. Nusa. Tazama kwenye matundu ya hewa, cheche kidogo za bluu ni kawaida, lakini mduara wa moto unaozunguka mota ni dalili kwamba kaboni zimekwisha au mota imechoka. Zima kisha shika kichwa kinachopokea biti au diski ukitikise. Kikicheza, beringi zake zimelegea na tundu lako halitakuwa la duara. Iwashe tena, kunja waya pale unapoingilia kwenye mpini, na uone kama mashine inakatikakatika.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu, na yajibu maswali manne: siku inaanza na kuisha saa ngapi, mashine ikiharibika ikiwa kazini pasipo kosa lako, kodi inasimama au inaendelea, ikiharibika kabisa ataleta nyingine ndani ya muda gani, na amana itarudishwa lini na kwa njia ipi. Swali la tatu ndilo la zege. Zege lililotiwa maji halingoji, katika joto la hapa huanza kukakamaa ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo kwa siku ya jamvi kodi kwa mtu mwenye mashine zaidi ya moja, hata akizidi bei. Piga picha mashine pande zote nne mbele yake kabla haijapanda kirikuu.

Siku ya kurudisha, usiache zege likauke ndani ya pipa ukidhani ni kazi ya mwenye nayo, maana hapo ndipo amana nyingi zinapokwama. Vibarua wakianza kunawa, tia makarai mawili ya kokoto na ndoo mbili za maji, liache lizunguke dakika kumi, mwaga, kisha rudia kwa maji matupu. Piga picha ndani ya pipa. Ipeleke kabla ya saa ya mwisho, iwashwe tena mbele yenu wote wawili, na amana ihesabiwe mkononi mwako au iingie kwenye simu yako ukiwa bado umesimama pale pale, kirikuu kikikungoja barabarani.